Farasi wa jirani na miguu ya mama

Najua nimewatupa, lakini zamu za usiku zimenifululiza na nikirudi nalala mpaka laasiri. Haya, leo nina habari ya farasi.

Bahla mnaijua kwa ile ngome ya udongo niliyowatumia picha zake (UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1987) na kwa hadithi za majini ambazo mama hapendi nizitaje. Basi huku farasi nao wana heshima yao. Kuna mchezo unaitwa ardha, UNESCO wameuorodhesha mwaka 2018, farasi wanakimbizwa wawili wawili na vijana wengine wanasimama wima mgongoni farasi yumo mbioni. Wenzangu hupiga vigelegele, mimi hufumba macho. Unesi mbaya jamani, kila kitu unaona nyonga iliyovunjika tu!

Jirani yangu ni mzee aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Ana farasi jike mmoja, na mjukuu wake alikuwa amkimbize kwenye ardha wiki ileile. Asubuhi akaniita ukutani, "Njoo mwanangu, wewe tabibu, uje uone daktari wa wanyama anampiga farasi picha ya homa."

Ilikuwa kamera ya joto, kidude kidogo kinachochomekwa kwenye simu. Kila chenye joto kinatoa miale ambayo macho yetu hayaioni, kamera inaipokea na kuitia rangi, bluu pabaridi, nyekundu na nyeupe pa moto. Penye uvimbe damu huwa nyingi, na ngozi ya juu inapata joto hata kabla mnyama hajachechemea.

Picha ya kwanza ubavu mzima wa kushoto ulikuwa mwekundu. Mimi nikashtuka, daktari akacheka. Farasi alikuwa amesimama juani! Akaingizwa kivulini, akafunguliwa bendeji, akafutwa vumbi, tukasubiri kama nusu saa huku tukinywa kahawa. Upepo nao haufai, wala manyoya yenye maji.

Mara ya pili mwili ulikuwa sawa isipokuwa mguu wa mbele wa kushoto. Nyuma yake, chini ya goti, kwenye kano, pana mstari mwekundu, na mguu wa kulia mahali palepale hamna. Tofauti ilizidi digrii 2, na daktari anasema hata ikizidi 1 tu yeye huanza kutafuta sababu. Kamera haimwambii ni ugonjwa gani, inamwonyesha pa kutazama. Akapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile tunayotazamia watoto tumboni, akakuta nyuzi za kano zimeanza kuachana. Farasi alikuwa anatembea vizuri kabisa! Angekimbizwa siku ile, na kijana kasimama juu...

Mjukuu alinuna, hakula mchana. Babu alimwambia neno moja tu, "Farasi hasemi." Farasi akawekewa maji baridi na kupumzishwa, ardha wakaenda kutazama tu.

Sasa mama, hapa ndipo ninapokuja kwako. Mwaka wa tisa huu una kisukari, na kila nikikuuliza miguu unanijibu "sihisi kitu". Mama, hilo ndilo linalonitia hofu! Mishipa ya fahamu ikishafifia, unyayo unaumia na mwenyewe huna habari, mpaka kidonda kitoke. Lakini joto linatangulia. Sisi tunapima unyayo mmoja na mwenzake, palepale kwa palepale, na tofauti ikizidi digrii 2.2 siku mbili mfululizo, mgonjwa anapunguza kutembea na anakwenda kuonwa.

Kamera siwezi kukununulia. Ila mnakumbuka zile bunduki za kupimia paji la uso wakati wa korona mwaka 2020? Moja iko kwenye mzigo anaokuja nao shemeji, nimeshaitegesha kwenye kupima vitu, siyo paji, msiibonyezebonyeze. Mdogo wangu, umpime kila asubuhi kabla hajavaa viatu, sehemu sita kila mguu, uandike kwenye daftari na unitumie picha ya ukurasa. Usimpime akitoka kuota jua barazani, nimewaeleza ya farasi.

Na usimsikilize akisema hahisi kitu.

Nakwenda kuoga, zamu saa moja.