Alama ya Kuulizia
Kijana mmoja wa Nyeri hujipatia riziki kwa kuvitengenezea vyama vya wakulima wa kahawa tovuti kwa Joomla, programu iliyozaliwa mwaka 2005 na kupewa jina kutokana na neno la Kiswahili “jumla” (tahajia ikawafuata Waingereza). Jina ni la nyumbani. Hifadhidata aliyoirithi ilikuwa ngeni. Ilipangwa kwa herufi za Ulaya Magharibi, zisizo na ĩ wala ũ. Mũkũrwe-inĩ ikahifadhiwa “M?k?rwe-in?”. Laiti ingalikuwa kasoro ya kioo tu! Herufi iliyokwisha kuhifadhiwa kama alama ya kuulizia hairejeshwi na amri yoyote. Alibadili mpangilio, akaazima daftari la karani, akaanza kuyaandika upya majina ya wakulima, moja moja.