Mvinje wa pwani ulipopelekwa Bamba

MSAFIRI atokaye Mombasa kuelekea Malindi hulakiwa na mivinje njia nzima. Imejipanga mashambani, mirefu na myembamba, na upepo wa Kusi ukivuma husikika kama bahari iliyo karibu tu. Ukivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuwaondolea wasafiri adha ya kungoja feri, utaona mingine imekwisha kukatwa na kulazwa mafungu mafungu ikisubiri wanunuzi. Kuna fito, mapau, boriti na nguzo, na kila ukubwa una bei yake.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mikoko. Nyumba za Waswahili kutoka Lamu hadi Vanga ziliezekwa kwa boriti zake, na majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nchi za nje ili kuiokoa. Leo fundi wa Malindi akitaka nguzo ya banda, mara nyingi hupewa mvinje.

Ndiyo sababu mti huu umekuwa akiba ya nyumbani. Mzazi huupanda mtoto akiwa bado katika madarasa ya chini, na huukata mtoto anapoitwa sekondari.

Je, akiba hiyo yaweza kufunguliwa bara, mbali na bahari? Swali hilo ndilo lililonifanya niiache barabara kuu na kushika njia ya Ganze hadi Bamba.

Nchi hubadilika mbele ya macho yako. Ukanda wa pwani, mwaka ukiwa mwema, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000. Kule ndani wakati mwingine haifiki hata nusu yake. Minazi hupungua, mikanju nayo hutoweka, kisha hubaki vichaka vya miiba, udongo mwekundu na mbuzi.

Karibu na Bamba nilimkuta mama mmoja aliyenionyesha shamba lake. Alinunua miche 200 ya mvinje pwani, akaipandisha matatu, akachimba mashimo na kuipanda. Kisha mvua ikakatika. Ilikuwa katika ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila neema.

“Mwanangu, nilikuwa na mitungi miwili kwa siku,” alinieleza. “Mmoja wa watoto, haukuguswa. Wa pili niliwagawia mbuzi na miti. Mwisho mbuzi wakashinda.”

Sikuwa na la kumjibu. Mbuzi akifa leo, ada ya shule inakwama muhula huu. Mti ukifa leo, ada itakayokwama ni ya miaka mitano ijayo. Nani asingechagua kama yeye?

Lakini miche yote haikufa. Kumi na mmoja ilisimama, yote katika bonde dogo chini ya silanga, mahali ambapo maji ya mvua hupita na kujipenyeza ardhini.

Kumi na mmoja hiyo inatufundisha jambo. Mvinje huhadaa macho. Asili yake ni fukwe za Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Huvumilia mchanga na chumvi, na mizizi yake hukaa na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuupa mti mbolea. Hata zile nyuzi za kijani si majani bali ni vijitawi. Majani yenyewe ni magamba madogo mno. Mtu husema basi, huu ni mti wa jangwani.

Tena kuna ushahidi wa Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alijaribu aina 26 za miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, na ni tatu tu zilizosalia. Mvinje ulikuwa mmojawapo. Nyuzi zake zilizoanguka hazikuoza mpaka alipoleta majongoo wenye miguu myekundu, wakazila na kuzigeuza udongo. Lakini msomaji, kumbuka kwamba chini ya machimbo yale maji yalikuwa karibu, ingawa ya chumvi. Jiwe kavu si sawa na nchi kavu.

Kwa hiyo anayetaka kuupanda bara na achague bonde au kando ya silanga. Kitaluni achanganye udongo uliochotwa chini ya mivinje mikubwa, ili miche ipate wale bakteria. Apande mvua ya masika inapoanza kushika, si inapokatika. Shimo liwe pana na kina cha futi mbili, mdomo wake uwe bonde la kukusanya maji, na juu lifunikwe kwa majani makavu. Maji mengi mara moja kwa wiki huivuta mizizi kwenda chini; kikombe cha kila jioni huibakiza juu, inapoungua. Na bila ua, mbuzi watavuna kabla yake.

Pale penye mwinuko mkavu, afadhali kuwaachia wenyeji. Mukau ni mti wa nyika zetu wenyewe. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mbao zake haziliwi ovyo na mchwa. Kasoro yake ni mbegu: kokwa lazima lipasuliwe kwa uangalifu na mbegu ikwaruzwe kidogo, la sivyo haioti. Nao mwarobaini, ambao wengi wa Pwani huuita mkilifi, ni mgeni kutoka Bara Hindi aliyekwisha kuizoea nchi hii.

Mama yule ameshapanda miche ya mukau juu ya mwinuko, michache kwa hesabu ya maji aliyo nayo. Mivinje 11 ameibakiza bondeni. Nilipomuuliza ataikata lini, alimtazama binti yake aliyekuwa akishusha mtungi kichwani.

“Huyu akiitwa sekondari,” alisema. “Lakini safari hii sitapanda kuliko mtungi wangu.”