Makangaga ya Kamakis na Baraza Zetu za Pwani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Thika, akiizunguka Nairobi kwa barabara ya Eastern Bypass, hufika Kamakis kabla ya kuingia mjini Ruiru. Watu wengi huijua Kamakis kwa moshi wa nyama choma. Sisi, tuliokwenda mwezi wa Julai kuwazuru jamaa zetu waliohamia huko kwa ajili ya kazi, tulivutwa zaidi na vitalu vya miche vilivyojipanga kandoni mwa barabara, na hasa ile pembe ya kitalu iliyofunikwa neti nyeusi, ambamo makangaga hukaa kivulini.

Wenye vitalu huyaita feni. Pwani tunalo neno letu, kangaga, na kila aliyepita penye mikoko analijua lile refu liotalo matopeni. Lakini kangaga la mikoko limeumbwa kuvumilia chumvi. Haya ya vitaluni hayaiwezi, na hapo ndipo penye msiba wa wasomaji wetu wengi. Huyanunua Kamakis yakiwa kijani kibichi, wakayapakia basini kwa furaha, na kabla ya miezi miwili kupita yamekuwa makuti makavu.

“Mzee, mmea huu hautaki jua,” alituambia kijana mwenye kitalu. “Na usiupe maji mengi leo halafu ukausahau wiki nzima.”

Maneno yake yana maana kubwa. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mbingu zake hufunikwa na mawingu, hewa ikawa baridi na udongo ukachelewa kukauka. Kwetu joto ni kali na upepo wa baharini haupumziki. Kwa hiyo anayelichukua kangaga kutoka bara hana budi kulitafutia mahali panapofanana na kwao: ndani ya ua, chini ya mwembe, au kwenye baraza isiyopigwa na jua la adhuhuri wala upepo.

Lipo kangaga moja jembamba, lenye vijiti vyeusi kama unywele. Waarabu huliita kuzbaratul-bi'r, yaani kotmiri ya kisima, kwa kuwa majani yake yanashabihi kotmiri na huota kwenye kuta za visima. Ibn al-Baytar, mjuzi wa mimea wa Andalusia aliyefariki Damaski mwaka 1248, alilitaja miongoni mwa dawa. Jina hilo peke yake ni somo la malezi: kivuli, unyevu, na maji yasiyo mbali. Likikauka siku moja tu hunyauka. Hata hivyo, msilitupe. Katani majani yaliyokufa, dumisheni unyevu wa udongo, na mara nyingi shina litachipua upya.

Maji yenyewe yachaguliwe. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani. Bora ni maji ya mvua ya masika yaliyohifadhiwa tangini. Tena kuna maji ya udhu, ambayo kila nyumba yetu humwaga mara tano kwa siku. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Basi ikiwa maji ya nyumbani ni baridi yasiyo na chumvi, yakingeni kwa beseni, nayo yataunywesha mmea. Huko Ruiru tulikoshukia, mifereji hukauka siku kadhaa za wiki, na jamaa zetu hawanyweshei makangaga yao maji mengine.

Kuhusu udongo, makangaga hupenda ulio mwepesi, usiotuamisha maji. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yakichanganywa na udongo na samadi iliyooza vyema, yanafaa sana. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufuoni yaoshwe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa.

Jambo jingine huwatisha wengi. Mmea huu hauna maua wala mbegu. Huzaliana kwa vumbi laini litokalo katika vidoto vya kahawia chini ya majani. Vidoto vikijipanga kwa safu, hiyo ni dalili ya uzima, msipige dawa. Vikitapakaa ovyo, vikiwa na utomvu wa kunata, hao ni wadudu. Wafuteni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Yabaki mambo mawili ya haki. La kwanza, muulizeni muuzaji mmea umetoka wapi. Makangaga makubwa mfano wa miti hukua polepole katika misitu ya milimani, na biashara yake baina ya nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Vivyo hivyo tusing'oe katika makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Kangaga la kitaluni lenye vikonyo vitambaavyo laweza kugawanywa likawatosha majirani watatu, pasipo kuudhuru msitu.

La pili, tusimkamue muuzaji hadi senti ya mwisho. Wengi wao wamepanda katika hifadhi ya barabara, ardhi isiyo yao. Siku barabara ikipanuliwa hubeba vyungu na kuondoka. Bei ya mche mmoja ni ujira wa miezi ya kunyweshea, kupandikiza na kulinda. Kijana yule alitupunguzia kwa hiari yake tulipochukua miche minne, tukamshukuru, wala hatukuomba zaidi.

Enyi akina mama na vijana wa nyumba zetu, mkiwa na kipembe kisichofikiwa na jua, msikiache kuwa jaa la taka. Anzeni na chungu kimoja, mkabidhini mtoto beseni la maji ya udhu, na mwachieni kazi hiyo iwe yake kila siku. Wallahu a'lam.