Limuru hadi Kamiti: Safari ya riwaya iliyoandikwa kwenye karatasi za chooni

Ukimtajia mkazi wa Nairobi jina Limuru, aghalabu atawaza mambo matatu: baridi, majani chai na nyama choma. Kila Jumapili familia nyingi hujipakia garini zikaelekea huko, na jioni zikarejea mjini zikiwa zimeshiba, buti ikiwa imejaa kabichi na karoti zilizonunuliwa kando ya barabara. Hakuna ubaya. Lakini mji huu mdogo una hadithi nyingine isiyouzwa kando ya barabara, nayo inamhusu kila mwanafunzi aliyewahi kufungua daftari jipya akijiambia kwamba leo anaanza riwaya yake, kisha akakwama ukurasa wa pili.

Ni hadithi ya Caitaani Mutharaba-ini, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina Shetani Msalabani. Anayetaka kuifuata nyayo zake yafaa awe na nauli ya safari mbili: moja ya Limuru, nyingine ya Kamiti.

Nilianza na Limuru. Matatu ilipita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, ikaanza kupanda mlima kuelekea Muguga huku abiria mmoja baada ya mwingine wakifunga madirisha. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka tu baridi inakupokea kama mwenyeji. Ni katika sehemu hizi ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mnamo mwaka 1903. Kiwanda cha viatu cha Bata nacho kimewalisha na kuwachosha wakazi kwa vizazi kadhaa. Mwendo mfupi kutoka hapo ndipo kilipo kijiji cha Kamirithu.

Kamirithu si kijiji kilichokua polepole kama vijiji vya kale. Ni miongoni mwa vile vilivyoundwa wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ilipowakusanya watu mahali pamoja ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau. Ngugi, aliyezaliwa sehemu hizi mwaka 1938, alirudi likizoni kutoka shule ya upili ya Alliance mwaka 1955 akakuta boma lao halipo. Jirani hayupo. Kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa na watu kuhamishwa. Mtoto wa shule aliyesimama na sanduku lake akitazama magofu ndiye aliyekuja kuandika riwaya, na sidhani aliisahau siku hiyo.

Mwanzoni mambo yalimwendea vyema, si haba. Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alimkabidhi Chinua Achebe mswada wake katika kongamano la waandishi lililofanyika huko. Achebe akaufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann, nao ukatoka mwaka 1964 kwa jina Weep Not, Child. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 26. Mwaka uliofuata ilitoka The River Between, na mwaka 1967 A Grain of Wheat. Kijana anayesoma orodha hiyo atadhani riwaya hufyatuliwa kama matofali.

Kisha ikaja Petals of Blood. Hiyo ilimchukua takriban miaka mitano. Aliianza Marekani, akaiendeleza Limuru na kuimaliza Yalta, katika iliyokuwa Muungano wa Kisovieti. Ilitoka Julai 1977, na aliyeizindua jijini Nairobi ni Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Tafadhali ukumbuke tarehe hiyo, kwani kabla ya mwaka kwisha mwandishi yule yule alikuwa korokoroni.

Kilichotokea katikati kilianzia hapa Kamirithu. Asubuhi moja mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alibisha hodi nyumbani kwa Ngugi na kumuuliza kwa nini watu waliosoma kama yeye hawakigawii kijiji elimu yao. Alikuwa profesa mshirika wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na bila shaka alikuwa na shughuli nyingi. Mama hakujali. Jumapili iliyofuata alirudi, na nyingine, na nyingine, hadi profesa akasalimu amri. (Wapo akina mama wa namna hiyo katika kila kijiji nchini, na bila wao sijui tungekuwa wapi.)

Ndipo Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii wakaandika mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda, kwa lugha ya Gikuyu. Wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, mahali pa wazi penye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani na kila mpita njia alikuwa mhakiki. Wazee walisimamisha mazoezi kusema kwamba mzee hazungumzi hivyo. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walisahihisha hesabu za mishahara iliyotajwa mchezoni, maana waliijua vizuri kuliko profesa. Mwandishi aliyekwisha kuchapisha riwaya nne kwa Kiingereza aligundua kwamba anafundishwa lugha ya mamake upya.

Kwa maoni yangu, riwaya ya Kamiti ilianzia hapo, jukwaani Kamirithu, wala haikuanzia gerezani kama inavyosimuliwa mara nyingi.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Watu walikuja kwa mabasi ya kukodi kutoka mbali. Novemba 16 kibali kikafutwa. Usiku wa kuamkia Desemba 31 polisi walifika nyumbani kwa Ngugi, wakapekua vitabu, wakaondoka na mwenye vitabu.

Safari ya pili niliifanya siku nyingine, maana Limuru na Kamiti ziko kwenye barabara tofauti kabisa za kutoka mjini. Ukiacha Thika Road pale Roysambu, Barabara ya Kamiti inakupitisha Zimmerman, Githurai 44 na Kahawa West, kwenye vibanda vya nguo, saluni na vyumba vya kupanga visivyokwisha. Halafu majengo yanapungua, na hapo mbele ni gereza. Si mahali pa kutalii. Nilitazama kwa mbali na kuendelea na njia yangu. Humu ndimo alimonyongewa Dedan Kimathi Februari 18, 1957, na humu ndimo alimoletwa Ngugi bila kufikishwa mbele ya hakimu wala kusomewa shtaka.

Alipewa seli nambari 16. Jina lake liliwekwa kando akawa K6,77. Godoro lilikuwa la makonge yaliyofanya mabonge magumu, na balbu ya wati 100 iliwaka usiku. Katika jengo hilo mlikuwa na wafungwa wengine 18 wa kisiasa, akiwemo Wasonga Sijeyo, aliyekuwa kizuizini tangu mwaka 1969, na Koigi wa Wamwere, ambaye naye aliandika riwaya akiwa ndani.

Ngugi aliamua kuandika, tena kwa Gikuyu. Ikiwa mchezo wa Gikuyu ndio uliomfunga, basi riwaya yake itakuwa ya lugha iyo hiyo. Kalamu zilipatikana kwa kisingizio cha kuandika maelezo ya kesi yake kwa wakuu. Karatasi ndizo zilizokuwa adimu, isipokuwa za chooni. Zamani alikuwa amesoma kwamba Kwame Nkrumah aliandika kwenye karatasi za aina hiyo alipofungwa na Waingereza, akaona ni jambo la kupendeza. Sasa lilimfika mwenyewe. Karatasi za Kamiti zilikuwa ngumu na za kukwaruza, lakini ugumu ule uliomwudhi mfungwa ndio uliozifanya zistahimili ncha ya kalamu bila kuchanika.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa maandishi yenyewe. Tahajia ya Gikuyu aliyorithi kutoka kwa wamishenari haikuonyesha vizuri kupanda na kushuka kwa sauti, wala urefu wa irabu. Aliandika aya jioni, asubuhi akaisoma na kupata maana nyingine. Mzee mmoja niliyemkuta Kamirithu akiota jua nje ya duka alinionjesha shida za aina hii. Alichukua kijiti akaandika mchangani neno "iria."

"Soma, mwanangu."

Nilisoma.

"Sasa niambie, ni maziwa ya ng'ombe au ni ziwa kama Naivasha?"

Nikamjibu kwamba sijui, mzee wangu.

"Hata mimi sijui," akasema akicheka. "Hujaniambia mtu anataka kunywa au kuvua samaki."

Ilibidi mwandishi aipange kila sentensi hivi kwamba msomaji asiweze kuponyoka na maana isiyokusudiwa. Na hakuwa na wazee wa Kamirithu wa kumsahihisha. Aliwatumia askari jela. Alipiga nao soga za kawaida, akawauliza methali, akawachokoza kuhusu jina la kitu hiki na kile, nao wakamjibu pasipo kujua kwamba majibu yao yalikuwa yakiingia kitabuni. Ndivyo alivyokua Jacinta Wariinga, msichana wa riwaya ile anayefutwa kazi ya ukarani jijini kwa kumkataa bosi wake, kisha akapanda matatu kuelekea Ilmorog ambako wezi na wanyang'anyi wanashindana mbele ya hadhira kuonyesha nani bingwa.

Siku zilikuwepo za kukata tamaa. Aliugua jino lakini akakataa kutiwa pingu ili apelekwe kwa daktari, akavumilia maumivu. Mei 1978 mkewe alijifungua binti huko nyumbani, na baba akamjua mwanawe kupitia picha iliyotumwa kwa posta. Nadhani mzazi yeyote anayesoma haya atakubali kwamba hakuna mstari wa riwaya unaoandikika kirahisi siku kama hiyo. Bado aliandika.

Rais Jomo Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na matumaini ya kuachiliwa yakapanda. Mwezi uliofuata askari walifanya msako wa ghafla, wakakuta mabunda ya karatasi yenye karibu riwaya nzima, wakayabeba. Hapakuwa na nakala nyingine. Kazi ya miezi mingi ilitoka mlangoni mikononi mwa watu ambao wangeweza kuitupa jaani, au kuitumia kwa kazi iliyokusudiwa karatasi hizo.

Zilipita takriban wiki tatu. Kisha mkuu wa gereza akairudisha. Hakuona ubaya wowote ndani yake, alisema, ila Gikuyu chake ni kigumu mno. Tena akamlaumu kwa kutumia karatasi za chooni na kuahidi atafutiwe karatasi nyingine anakilie. Sijui mhariri gani mwingine duniani amewahi kutoa uamuzi wa namna hiyo!

Ngugi aliachiliwa Desemba 12, 1978, Sikukuu ya Jamhuri. Kazi yake chuoni hakurudishiwa. Henry Chakava wa Heinemann Nairobi aliyekubali kukichapisha kitabu alitishwa, hata akavamiwa na kujeruhiwa mkono, lakini mwaka 1980 kikatoka. Kampuni ilichapa nakala 5,000 ikidhani zitauzwa kwa miaka kadhaa. Kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimechapwa mara tatu.

Kilirudi pale pale kilikotoka. Wafanyakazi walikisoma wakati wa chakula cha mchana. Katika familia, jioni, mtoto aliyejua kusoma aliwasomea wakubwa wasiojua. Baani walizuka wasomaji mahodari: jamaa alisoma kwa sauti hadi mahali patamu, akanyamaza, akaweka kitabu chini na kuitazama glasi yake iliyokauka. Wasikilizaji waliokuwa na hamu ya kujua yatakayompata Wariinga waliagiza bia nyingine, na hadithi ikaendelea.

Jukwaa la Kamirithu halikudumu. Machi 12, 1982 polisi walifika kwa malori wakalibomoa. Baadaye chuo cha ufundi cha vijana kikajengwa mahali hapo. Mwaka huo huo Ngugi alikwenda London kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo, Devil on the Cross, aliyoifanya mwenyewe. Hakurejea hadi mwaka 2004. Alifariki Marekani Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87. Ngaahika Ndeenda nao ulipanda jukwaani katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi Mei 2022, miaka 45 baada ya kibali kufutwa.

Jumapili mkienda Limuru, mle nyama yenu kwa raha. Kisha muulize njia ya Kamirithu, ni karibu. Wabebeeni watoto sweta, na mtafute mzee anayeota jua. Huenda naye aliwahi kuagiza bia ili msomaji aendelee.