Vitwitwi Pemba: pacha wa sura, siyo wa tabia

Ukishuka bandari ya Mkoani usiishie kwenye pweza na urojo, msomaji wangu. Dandia gari mpaka Konde, tafuta usafiri ukatize msitu wa Ngezi hadi ufukwe wa Vumawimbi. Utakuta mchanga mweupe, watu wachache, na vindege vya kijivu ambavyo wengi wetu tunaviita vitwitwi, basi.

Kumbe wamo jamaa wawili! Huyo wa Vumawimbi, Calidris alba, ndiye mtoto wa mjini. Mweupe pee, mdomo mfupi ulionyooka. Wimbi likirudi analifukuza akidokoa vijidudu, likija anatimka, miguu huioni kwa mbio. Na kidole cha nyuma hana.

Wa pili, Calidris ferruginea, anapenda tope. Mtafute kwenye hori la Chake Chake, kando ya mikoko, maji yakitoka. Mdomo mrefu umepinda kama mundu, anadunga tope kama cherehani. Akiruka, juu ya mkia pana weupe.

Wote kwao Aktiki. Wa tope ni Msiberia tu. Mwenzake huzaliwa hata Kanada na Greenland. Kuanzia Agosti hivi wanaingia pwani yetu, na Aprili wanajiandaa kurudi wakiwa wamebadili nguo: wa tope mwekundu wa tofali hadi tumboni, mwenzake wekundu unaishia kifuani.

Sasa umbea. Dume la tope halilei! Jike likiatamia, bwana huyoo, anatangulia kusini. Kwa yule wa mawimbi, wakati mwingine jike hutaga viota viwili, kimoja anamwachia mume aatamie. Dada zangu mpo?

Masihara pembeni. Mwaka 2024 shirika la uhifadhi la IUCN lilimwingiza wa tope kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wa mawimbi hayumo. Kule Siberia panya wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda yake, na msimu huo wanaofika huku ni watu wazima karibu watupu. Wenzake wanaopitia China na Korea, matope yao mengi yamefukiwa.

Ndiyo maana kura yangu naipeleka horini, harufu na yote. Vumawimbi kila mgeni anapigia picha. Azima darubini, ufike maji yakianza kujaa: tope linavyofunikwa, ndege wanasogea ukingoni ulipo. Viatu vyeupe acha gesti.