Maswali 20 ya filamu za zamani katika parsele moja ya Kikula

LIKASI, Haut-Katanga. – Jumapili jioni, umeme ukiwa umekatika tangu saa nane mchana, binti mmoja anayesoma mwaka wa mwisho wa sekondari aliwasha telefone yake katika parsele ya babu yake, komini ya Kikula, akasema ana mtihani. Si wa shule. Ni maswali 20 juu ya filamu za zamani za Hollywood, yale ambayo watu hujipima nayo ili wajue kama kweli walitazama sinema au walisinzia tu. Babu ni mstaafu wa Gécamines mwenye umri wa karibu miaka 80, na kwa muda mrefu amejisifu kwamba hakuna filamu ya kauboi iliyofika Likasi bila yeye kuiona. Majirani watatu wakasogeza viti. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga sombe akasema yeye atasikiliza tu.

Mambo yalianza vibaya. Swali la kwanza liliuliza nani alitengeneza *Stagecoach*. Mzee akasema hiyo haijafika Likasi. *The Searchers*? Hiyo pia hapana. *Gone with the Wind*? Akakunja uso. Baada ya maswali matano alikuwa na sifuri, na majirani wameanza kucheka chini chini.

Ndipo binti akaona kwamba chini ya kila jina la Kiingereza kuna jina la Kifaransa, kwa maandishi madogo. Akasoma: *La Chevauchée fantastique*.

“Njo ile!” mzee akasimama. “Karosi ya farasi, Waapachi wanafuata nyuma, John Wayne anapanda juu ya paa!”

“Kambo, wanauliza nani aliitengeneza.”

“Ile haituangalie. Sisi tulikuwa tunaangalia filme.”

Kosa halikuwa lake. Filamu za Marekani zilifika Kongo zikiwa zimetiwa sauti ya Kifaransa na kupewa majina mengine, na mara nyingi jina la pili halifanani kabisa na la kwanza. Mtu wa Likasi anaweza kuwa ameona *La Prisonnière du désert* mara nne bila kusikia hata siku moja kwamba inaitwa *The Searchers*. Na majina ya watu nayo yalibadilika kufuatana na mahali. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, kila kauboi shujaa aliitwa Jeki, awe nani. Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa sababu ya Buffalo Bill, wakafunga vitambaa shingoni na kubuni lugha yao wenyewe. Mtihani ulioandikwa Marekani haujui lolote kati ya hayo.

Binti akaamua kuanza upya, safari hii akisoma majina ya Kifaransa. Pointi zikaanza kuingia.

Likasi ya wakati ule, ilipokuwa bado inaitwa Jadotville, ilikuwa na sinema za aina mbili. Wazungu walikuwa na salle zao mjini. Wafanyakazi wa Union Minière walitazama kambini, kwenye kitambaa cheupe, usiku, watoto wamekaa chini mbele. Kabla ya uhuru, sheria ya wakoloni ilikataza Mwafrika kuonyeshwa filamu ambayo haikupitishwa na tume ya serikali. Kilichopita kwa urahisi ni Charlot, kauboi, na filamu za wamisionari kama zile za Matamata na Pilipili zilizotengenezwa Kasai. Mzee alizaliwa mwishoni mwa enzi hiyo. Nyingi alizoziona, aliziona katika miaka ya 1960, mlango ulipokuwa umefunguka na filamu kuukuu zinaletwa kwa wingi.

Swali la *Hatari!* liliwachekesha wote. Filamu ya mwaka 1962, John Wayne anakamata wanyama Tanganyika. Je, neno hilo lina maana gani: simba, mwindaji au danger? Hata mtoto wa miaka sita aliyekuwa mlangoni alijibu. Pointi moja, bila jasho.

*L'Odyssée de l'African Queen* nayo ilipita. Ilipigwa kwa sehemu hapa kwetu Kongo, mwaka 1951, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo, na ni moja tu aliyopata maishani. Wenzake wengi waliugua kwa sababu ya maji. Yeye alisimulia baadaye kwamba alinusurika kwa kuwa alikunywa whisky tu. Majirani walilijadili hilo kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.

Halafu likaja swali la Hattie McDaniel. Mama wa sombe akaacha kutwanga. Ni Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata Oscar, kwa kucheza mtumishi wa nyumbani katika *Autant en emporte le vent*, filamu ya mwaka 1939. Usiku wa kupokea zawadi aliwekwa kwenye meza ndogo kando, mbali na wachezaji wenzake wazungu. Filamu ilipozinduliwa Atlanta hakuweza kwenda, kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Mama aliuliza kama angalau alipewa chakula kwenye ile meza. Telefone haikuwa na jibu.

Swali la kumi na moja lilihusu *Les Enchaînés*, ambayo Waingereza huiita *Notorious*, ya Alfred Hitchcock, mwaka 1946. Cary Grant na Ingrid Bergman wanaingia katika chumba cha chini cha nyumba moja Rio de Janeiro, chupa ya divai inaanguka na kupasuka. Ndani yake kulikuwa na nini? Almasi, sumu, au mchanga wa urani?

Mzee hakuwa ameiona. Alijibu hata hivyo: “Urani. Mimi minatoka Likasi.”

Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka hapa. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini yake New York, yakawekwa katika depo ya Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na urani ya Shinkolobwe ikaingia katika kazi iliyotoa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Katika filamu, mchanga wa kwenye chupa unatoka milima ya Brazil. Watu waliotazama sinema New York mwaka 1946 walishtuka kuona unga mweusi unamwagika sakafuni, na kumbe madini yenyewe yalikuwa yamelala miaka miwili ng'ambo ya maji tu, katika mapipa yaliyojazwa na wachimbaji wa Katanga. Mtihani ulitoa pointi moja kwa jibu hilo. Katika parsele walisema ilifaa kutoa tano.

Swali la kumi na nne ndilo lililobadilisha jioni. *Le train sifflera trois fois*, mwaka 1952, Gary Cooper na Grace Kelly. Treni inafika saa ngapi? Saa sita mchana, mzee alijibu kabla swali halijaisha. Nani aliitengeneza? Fred Zinnemann, telefone ikasema, yule yule aliyekuja baadaye Stanleyville kupiga filamu ya sista wa Kibelgiji, akiwa na Audrey Hepburn. Zinnemann alitoka Ulaya kwenda Marekani akiwa kijana, na wazazi wake waliobaki wakauawa na Wanazi.

Kisha: mwisho wa filamu, sherifu anafanya nini na nyota yake ya kifuani?

“Anabaki nayo,” mzee alisema. “Anashinda wale wabaya, anabaki mu muji, batu wanamushukuru.”

“Umekosa, Kambo. Anaitupa chini. Anaondoka na bibi yake.”

Mzee alikataa. Akasema telefone inadanganya. Filamu ile aliijua kuliko nyingine zote, kwa sababu aliitazama na rafiki yake wa kambini, mtoto wa wazazi wa Kasai, aliyekuwa hodari wa Kifaransa. Rafiki alinong'ona maneno kwa Kiswahili, yeye akalipa kwa karanga. Walifanya hivyo miaka mingi. Baadaye wote wawili waliingia kazi Shituru, wakajenga nyumba jirani.

Wenye umri hapa Likasi wanajua kilichofuata. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mjini hapa na Kolwezi. Walilala gare, ndani ya shule, chini ya mabati na mashuka, wiki kwa wiki, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walifia pale pale, wengine njiani. Rafiki wa mzee alikaa gare pamoja na mke na watoto. Kutoka Kikula hadi gare si safari. Mzee hakwenda. Jioni ile alilisema mwenyewe, bila kuulizwa: kwamba aliogopa, kwamba kila aliyeonekana akipeleka unga kule alitajwa jina. “Batu walifunga milango. Na mimi.”

Hakuna aliyemjibu. Katika filamu ile sherifu anazunguka mji mzima akitafuta wa kumsaidia, anaingia hata kanisani katikati ya misa, na kila mmoja ana sababu yake nzuri. Filamu nzima ni dakika 85 za saa ya ukutani na watu wanaotazama pembeni. Pengine si ajabu kwamba mtu anaweza kuikumbuka yote na kukosea mwisho wake.

Binti ndiye aliyesema wamuulize rafiki mwenyewe. Namba ya mwanaye ipo. Familia hizo mbili hutumiana habari za misiba. Akarekodi ujumbe wa sauti, akasoma swali kama lilivyo, na mzee akaongeza salamu na kuuliza hali ya miguu yake.

Jibu lilifika Jumatatu asubuhi kutoka Mwene-Ditu, sauti nzito yenye kikohozi, jogoo akiwika nyuma.

“Muzee, unasahau vile? Aliitupa mu vumbi. Mimi njo nilikutafsiria.” Akacheka, akakohoa. “Alienda. Angefanya nini pale?”

Mzee alisikiliza mara mbili, akarudisha telefone kwa mjukuu. Kisha akauliza yalibaki maswali mangapi. Yalibaki sita. Akamwambia ayapeleke yote kule kwanza, kabla ya yeye kujibu, na aanze na lile la Charlot.