Uduvi wa mtoto na meli za kamba (sehemu ya 9)

Mama zangu, mtoto akitimiza miezi 6 nawaambia: uduvi uoshe mchanga, kausha, saga, changanya kwenye mboga yake. Protini ya bei ndogo.

Sasa mjadala wa meli za kamba umerudi barazani hapa Makurunge. Wanaozitaka wanataja ajira, na siwabezi, waume zenu wanahitaji kazi. Ila meli ikiburuta wavu chini haichagui. Kamba wachanga na visamaki hupanda humo humo. Serikali ilizisimamisha 2008 kamba walipopungua, mnakumbuka?

Nyie mnaotanda uduvi kwa chandarua (chandarua ni cha kulalia jamani, tutagombana siku nyingine) kikaoni mnanyamaza. Mkutano ukiitwa, njooni na watoto mgongoni. Nikitoka zamu nawakuta.